Kidato cha kwanza kwa anayeanza: tangu majina yanapotoka hadi mtihani wa kwanza

Kila Januari, kabla hata nyasi za likizo hazijafyekwa, mlango wa ofisi ya taaluma huwa na foleni ya wazazi na watoto wao, na maswali ni yale yale. Kaunta buku ngapi? Asipokuwa na sweta atarudishwa? Lazima aje na jembe? Nawajibu, wanaondoka. Ikifika Machi baadhi yao wanarudi na swali ambalo ndilo hasa limenifanya niandike haya: "Mwalimu, huyu alikuwa anaongoza darasa la saba. Huku amepatwa na nini?"

Hajapatwa na kitu. Amebadilishiwa lugha. Miaka 7 amesoma sayansi na hisabati kwa Kiswahili, kisha ndani ya likizo moja karibu kila kitu kimegeuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe na Historia ya Tanzania na Maadili. Kwa hiyo ukiona nimepita haraka kwenye habari za ndoo na magodoro halafu nimekaa sana kwenye hatua ya 6, ni makusudi. Ndoo unaweza kununua hata Februari.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili huku Tanzania Bara na umepangiwa sekondari ya serikali, ya kutwa au ya bweni. Kama umetoka shule ya mchepuo wa Kiingereza, fuata hatua nyingine na hiyo ya 6 uipitie juu juu. Mzazi unayesoma kwa niaba ya mtoto, msomee kwa sauti, maana yeye ndiye atakayeingia darasani.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

Karatasi kwanza, kwa sababu ndizo husahaulika: nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti (piga nne, zitahitajika tena), fomu ya kujiunga iliyojazwa yote, na fomu ya afya yenye muhuri wa hospitali. Mwombe pia mwalimu mkuu wako wa shule ya msingi akuandikie namba yako ya PREM. Ni namba ya kumbukumbu zako za tangu shule ya msingi, na siku ukitaka kuhama ndiyo itaulizwa.

Vya darasani: kaunta buku moja kwa kila somo, kalamu za bluu na nyeusi, penseli, kifutio, rula ya sentimita 30, mkebe wa hesabu, na kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ongeza daftari dogo linaloingia mfukoni. Hilo halimo kwenye fomu yoyote, lakini mimi naliweka juu ya orodha nzima, na utaona sababu.

Vya mwilini: sare kama fomu inavyosema, viatu vyeusi vya kamba, sweta, na nguo za kazi za mikono. Msichana, pakia na pedi hata kama bado hujaanza hedhi.

Kama ni bweni: godoro la futi 2 na nusu, shuka mbili, blanketi, chandarua, ndoo yenye mfuniko, sahani, kikombe, kijiko, tranka na kufuli. Kufuli liwe la maana. Vifaa vya usafi, yaani jembe, fyekeo, fagio la chelewa, hugawanywa, na si kila shule inataka vyote, kwa hiyo soma fomu kabla ya kwenda dukani.

Na kitu kimoja ambacho tayari unacho nyumbani: madaftari na vitabu vyako vya darasa la tano, la sita na la saba. Najua mengi yamekwisha kwenda kufungia karanga. Yaliyobaki yaokoe leo, yafunge kwa kamba, yaweke juu ya kabati.

HATUA KWA HATUA

1. Hakikisha jina, shule na herufi

Orodha ya waliochaguliwa hutolewa na TAMISEMI na huwekwa kwenye tovuti yake. Unaingia mkoa, kisha halmashauri, kisha shule yako ya msingi. Usitafute kwa kuandika jina, maana likiwa limekosewa herufi moja utalia bure. Fungua orodha ya shule nzima ulikosoma, ushuke mstari kwa mstari.

Ukilipata, litazame vizuri. Kama wewe ni Mwanaidi na wameandika Mwanahidi, andika pembeni na ulipeleke suala hilo shuleni wiki ya kwanza. Watu hungoja mpaka kidato cha nne, wakati jina limekwisha kupita kwenye usajili wa mitihani, na kulirekebisha hapo ni safari ndefu.

2. Isome fomu ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho

Fomu hii inapatikana bure, mtandaoni au shuleni kwenyewe. Anayekuuzia anakuuzia karatasi ya kuchapia tu. Isome na kalamu mkononi: weka alama ya vema kwenye vitu vya lazima siku ya kwanza, na alama ya kuuliza kwenye vile unavyoona vinaweza kusubiri. Ukurasa wa mwisho mara nyingi ndiko kuliko na mambo ya kusainiwa na mzazi, na ndio hurudi mtupu.

Kuhusu pesa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Kwa hiyo mtu akikwambia ulipe "ada" ya shule ya kata, simama umuulize. Sare, madaftari na nauli ni juu ya mzazi, na chakula cha mchana kwa shule za kutwa hutegemea wazazi walivyokubaliana kwenye kikao. Pesa yoyote unayotoa idai stakabadhi. Usimpe mtu mkononi kwa ahadi kwamba "nitakuandikia kesho".

3. Nunua kwa mafungu

Fungu la kwanza ni sare jozi moja, viatu, kaunta buku na kalamu. Fungu la pili, baada ya wiki mbili, ni jozi ya pili ya sare na vitu ambavyo utakuwa umeona vinatumika kweli. Wiki ya kwanza ya Januari bei hupanda kila mahali, na fundi cherehani ana foleni mpaka barazani.

Kosa la kawaida: kushona sare kabla ya kuona rangi. "Bluu" ina bluu ishirini. Omba kipande cha kitambaa kwa mwanafunzi wa shule hiyo, au nenda ukaone kwa macho. Sketi iachiwe upindo wa kutosha, suruali hali kadhalika, kwa sababu mwaka huu utarefuka.

Kosa la pili ni kununua kaunta buku nene kwa masomo yote. Hisabati na Biolojia hula karatasi, hizo zipewe nene. Masomo yenye vipindi vichache kwa wiki yanatosheka na nyembamba. Begi la mtoto wa miaka 13 lenye kaunta buku tisa nene ni mzigo wa mtu mzima.

4. Itembee njia kabla ya siku yenyewe

Hii ni kwa wa kutwa. Shule za kata zilisambaa sana tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa mwaka 2004, lakini kata nyingine ni kubwa na bado kuna wanaotembea saa nzima au zaidi. Siku moja kabla ya kufungua, toka nyumbani saa ile ile utakayotoka siku ya shule, nenda mpaka getini, uangalie saa. Angalia na mto au korongo la njiani: Machi na Aprili, masika ikichanganya, panapitika? Tafuta wenzako wawili watatu wa njia moja, mwende pamoja.

Msichana, na wewe mvulana pia: lifti ya bodaboda ya bure kila siku ina bei yake, inakuja tu kuchelewa. Kama nauli hakuna, tembea na wenzako. Mtu akikung'ang'ania, mtaje jina nyumbani siku hiyo hiyo, usingoje wiki iishe.

Mzazi, kama umbali hauwezekani kabisa na unafikiria kumpangia mtoto chumba karibu na shule, hapa naweka onyo zito. Geto la watoto wa kidato cha kwanza wanaojipikia wenyewe bila mtu mzima limeharibu watoto wengi kuliko mtihani wowote. Uliza kwanza kama shule ina hosteli. Kama haina, tafuta ndugu, jirani, mtu wa msikitini au kanisani kwenu anayekaa pale, umkabidhi mtoto kwa mdomo wako mwenyewe.

5. Siku ya kuripoti na wiki ya kwanza

Fika asubuhi, siku ya kwanza, na mzazi au mlezi. Kabidhi karatasi, chukua jina la mkondo wako, A, B au C, uingie darasani. Kaa mbele au katikati. Siti ya nyuma karibu na dirisha inapendwa sana, na nimeona kila mwaka inakowapeleka watu.

Watakuita njuka. Kila aliyewahi kusoma sekondari aliitwa hivyo, jina halina ubaya, litaisha Januari ijayo wakija njuka wengine. Kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa sabuni au kupigwa usiku ni habari nyingine kabisa, na nimeiandikia chini.

Wiki hiyo jua watu watano kwa sura na kwa ofisi zao: mwalimu wako wa darasa, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa malezi, mwalimu wa zamu wa wiki hiyo, na matroni au patroni kama uko bweni. Nakili ratiba yote, si ya siku moja. Kipindi kimoja ni dakika 40, na mwalimu mmoja anatoka mwingine anaingia. Huku hakuna mwalimu wa darasa wa kukaa na nyie siku nzima na kujua kwamba leo una homa. Usiposema, hakuna atakayejua. Hilo huwachanganya wengi, hasa waliotoka shule ndogo za kijijini ambako mwalimu alimjua hadi bibi yako.

6. Shughulikia Kiingereza kila siku, kuanzia siku ya pili

Shule huanza na kozi ya utangulizi ya Kiingereza kwa wiki kadhaa. Ihudhurie yote. Wanaoripoti mwezi Februari huikosa, na wengi wao hawajui kwamba wameikosa. Lakini kozi hiyo peke yake haitoshi, na kazi inayobaki ni yako. Mimi huwapa wanafunzi wangu utaratibu huu.

Kwanza, lile daftari la mfukoni. Kila siku andika maneno 10 ya Kiingereza uliyokutana nayo siku hiyo hiyo darasani, na maana yake kwa Kiswahili upande wa pili. Usiyachukue kwenye kamusi kuanzia herufi A; aliyeanza na A namjua, anajua neno la mnyama wa Amerika Kusini na hajui "increase". Maneno 10 kwa siku 5 ni 50 kwa wiki. Ijumaa funika upande wa Kiswahili, ujipime. Yaliyokushinda yaandike tena Jumatatu.

Pili, tafuta kile ambacho tayari unakijua. Hapa ndipo madaftari ya zamani yanapofanya kazi. Chukua sentensi hii, ambayo utaikuta ubaoni mapema tu:

"Photosynthesis is the process by which green plants make their own food using sunlight, water and carbon dioxide."

Mwanafunzi akiiona anaona ukuta. Sasa ivunje. "Green plants": mimea ya kijani. "Make their own food": hujitengenezea chakula chake. "Sunlight": mwanga wa jua. "Water": maji. Umekwisha kuona? Ni usanisinuru. Uliusoma shule ya msingi, ukachora mmea na mishale ya jua, na ukapata vema. Umebakiza kujifunza jina jipya la kitu cha zamani. Fungua daftari lako la sayansi, soma ukurasa ule kwa Kiswahili, halafu rudi kwenye kaunta buku. Dakika kumi tu, na kesho mwalimu akiuliza utanyoosha mkono.

Hisabati ndiyo hivyo hivyo, tena kwa urahisi zaidi. LCM wanayoandika ubaoni ni KDS yako, kigawe kidogo cha shirika. GCF ni KKS. "Perimeter" ni mzingo, "area" ni eneo, "fraction" ni sehemu. Nilikuwa na kijana aliyekaa wiki mbili akilia kimoyomoyo kwa LCM. Nilipomwambia "fanya KDS ya 12 na 18" akajibu 36 kabla sijamaliza kugeuka.

Tatu, jihadhari na maneno yenye sura mbili. "Root" kwenye Biolojia ni mzizi, kwenye Hisabati ni kipeuo. "Cell" kwenye Biolojia ni seli, kwenye Fizikia ni jiwe la tochi. "Power" inaweza kuwa nguvu au kipeo. "Table" ndiyo iliyotupatia kicheko cha mwaka mmoja. Mwalimu wa Biolojia aliuliza tofauti za viumbe hai na visivyo hai, wajibu "by using a table". Binti mmoja alichora meza. Meza nzuri kweli, miguu minne, na mtoto wa meza, ameitia kivuli kwa penseli upande mmoja. Juu yake akaandika jiwe upande huu na kuku upande ule. Tulicheka ofisini, halafu tukanyamaza, kwa sababu tofauti alizijua. Alipoulizwa kwa Kiswahili alizitaja tano bila kupumua. Hakujua tu kwamba "table" ni jedwali. Alipata sifuri.

Nne, jifunze sentensi tatu za kujiokoa na uzitumie bila aibu: "I don't understand", "Please repeat", na "What does this word mean?" Watakaocheka watacheka siku mbili. Mimi kidato cha kwanza nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili, siku tatu mfululizo, na nilichojifunza ni kunyamaza. Mpaka Juni nilikuwa sijauliza swali hata moja. Kwa hiyo kama shule yako ina mambo ya aina hiyo, usinyamaze kama mimi. Ongea kibovu. Kiingereza kibovu hunyooka, na cha mtu aliyenyamaza hakuna wa kukinyoosha.

7. Andika notisi ambazo utazielewa mwezi ujao

Kila ukurasa uuwekee mstari wa pembeni, upana wa vidole viwili. Upande mkubwa nakili ya ubaoni kama yalivyo. Kwenye vidole viwili andika Kiswahili chako: neno gumu, mfano wa nyumbani, alama ya kuuliza palipokupita. Jioni hiyo hiyo, kabla hujalala, soma ukurasa na ufute alama za kuuliza unazoweza. Zilizobaki ndizo za kumpelekea mwalimu.

Michoro kwa penseli, maandishi kwa kalamu. Mishale ya majina isipishane. Usinakili daftari la mwenzako neno kwa neno siku uliyokosa kipindi bila kumuuliza maana yake. Utanakili na makosa yake.

8. Panga jioni yako

Bweni kuna prepo, yaani muda wa kujisomea jioni, umepangiwa. Wa kutwa hana wa kumpangia. Ukifika nyumbani kuna maji ya kuchota, kuna mdogo wako wa kubeba, kuna vyombo. Zungumza na mzazi mapema, kwa adabu, umwombe dakika 45 ambazo hutatumwa. Wengi wanakubali wakiombwa, hawakujua tu kwamba zinahitajika. Gawa hivi: dakika 15 kusoma notisi za leo, 20 kufanya maswali ya Hisabati kwa mkono wako, 10 kwa daftari la maneno. Umeme ukikatika au haupo, taa ndogo ya sola inatosha. Koroboi inakuumiza macho na kifua.

Simu usiende nayo shuleni. Ikikamatwa itakaa ofisini, na mzazi ataitwa kwa jambo ambalo lingeepukika.

9. Jifunze amri za mitihani kabla ya mtihani wa kwanza

Mtihani wa kwanza huja haraka kuliko unavyodhani. Maswali yake huanza na neno la amri, na neno hilo ndilo linalosema unatakiwa uandike kiasi gani.

"List", "mention", "name" na "state": taja tu, usieleze. "Define": toa maana. "Describe": eleza kitu kilivyo. "Explain": taja na useme kwa nini au kwa namna gani, aliyetaja tu hapa hupata nusu. "Differentiate" au "distinguish": linganisha jambo kwa jambo, mstari kwa mstari, na hapo lile jedwali ndipo mahali pake. "Calculate": onyesha njia, kwa sababu njia ina alama zake hata jibu likikosea.

Waliofeli mtihani wa kwanza darasani kwangu, robo tatu ya makosa yao ninayosahihisha ni hapo. Mtu ameulizwa "mention three" ameandika ukurasa mzima wa jambo moja.

Jua na ngazi za alama, kwa sababu wazazi hushtuka: 75 na kuendelea ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, na chini ya 30 ni F. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza akirudi na 38 ya Kemia mwezi Machi si mwisho wa dunia. Akirudi na 38 mwezi Novemba, hapo tukae tuzungumze, maana kidato cha pili kuna upimaji wa kitaifa, unagusa na mada za mwaka huu wa kwanza, na anayeushindwa hukariri darasa.

UKIKWAMA

Sina sare, wenzangu wana. Nenda na sare ya shule ya msingi. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikielekeza wakuu wa shule wawapokee watoto hata bila sare mpya. Mzazi aende siku hiyo amweleze mkuu wa shule lini zitapatikana, na aitimize ahadi.

Nimechelewa kuripoti wiki tatu. Nenda leo. Usingoje Jumatatu. Chukua daftari la mtu mmoja anayeandika vizuri, unakili somo moja kwa siku, ukianza na Hisabati kwa sababu huko mada ya pili hupandia mgongoni mwa ya kwanza.

Nimepangiwa shule ya mbali, nataka kuhama. Ripoti kwanza ulikopangiwa, uhamisho uanzie hapo. Huhitaji kumpa mtu "wa kukutengenezea". Unahitaji shule ya kupokea yenye nafasi, barua za wakuu wa shule zote mbili na idhini ya maafisa elimu, pamoja na namba yako ya PREM. Ukikaa nyumbani ukingoja uhamisho, unahesabika mtoro.

Wakubwa wananitesa. Andika siku, saa na majina. Mwambie mwalimu wa malezi au matroni, na mzazi siku hiyo hiyo ukipata simu ya shule. Akikwambia mtu "vumilia, hata sisi tulifanyiwa", huyo mruke, nenda kwa mwingine. Nimeona kesi ikiisha kwa siku moja kwa sababu mtoto alikuja na karatasi yenye saa na majina badala ya kuja analia tu.

Hedhi imeanza nikiwa darasani. Nyoosha mkono, omba ruhusa ya kutoka, nenda kwa mwalimu wa kike yeyote. Funga sweta kiunoni. Mwalimu ataelewa kabla hujamaliza sentensi.

Nasoma lakini sielewi chochote ubaoni. Kabla ya kujilaumu, funga jicho moja, soma tarehe iliyoandikwa ubaoni. Funga la pili, soma tena. Kama unakisia, waambie nyumbani upelekwe hospitali ukapimwe macho, na ukae dawati la mbele tangu leo. Karibu kila mwaka napata mmoja wa hivi, aliyekuwa anaitwa mzito.

Nimefeli mtihani wa kwanza vibaya. Chukua karatasi yako iliyosahihishwa, usiichane. Kwa kila swali ulilokosa andika pembeni herufi moja: L kama hukuelewa lugha ya swali, S kama ulielewa ila hukusoma mada, H kama ni haraka tu. Hesabu. Ukipata L nyingi, rudi hatua ya 6 na uongeze maneno yawe 15 kwa siku. S zikiwa nyingi, hatua ya 8. H zikiwa nyingi, mtihani ujao maliza ukiwa na dakika kumi mkononi, na usikimbilie mlangoni kwa kuwa wenzako wametoka. Kisha ilete karatasi hiyo ofisini. Mimi huwa nipo mpaka saa kumi.